Simba na Yanga Jumamosi hii: nani atashinda, na kwa hoja gani?

Mwanachuo wa Kanyenye (Tabora), Jumatano 16 Oktoba 2024

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwanachuo hapa Tabora, na swali langu linahusu pambano la watani litakalochezwa Jumamosi hii, tarehe 19 Oktoba, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Chuoni kwetu kuna tawi la Simba na tawi la Yanga, na kila dabi inapowadia tunakaa katika ukumbi mmoja, mbele ya projekta moja na king'amuzi kimoja. Safari hii tumekubaliana kwamba Ijumaa usiku kila tawi litoe msemaji mmoja, ambaye atasimama mbele ya wenzake na kuutetea utabiri wake kwa dakika kumi, bila kumtukana mtu na bila kusema kwamba tutashinda kwa kuwa sisi ndio sisi. Tawi la Simba limenichagua mimi.

Tumefikia uamuzi huo kwa uchungu. Jioni ya tarehe 5 Novemba mwaka jana, Simba ilipofungwa mabao 5-1, vijana wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja na kula sahani moja waliacha kusemezana kwa sababu ya maneno yaliyotupwa ukumbini baada ya bao la tano, na mmoja wao alihitimu na kuondoka bila kumuaga mwenzake. Wote wawili ni rafiki zangu. Ndiyo maana ninataka Ijumaa tuzungumze mpira wenyewe.

Tatizo ni kwamba kila ninapoketi kuandika hoja za Simba, kalamu inakuwa nzito. Watani wametufunga mara tatu mfululizo: 5-1 mwezi huo wa Novemba, 2-1 tarehe 20 Aprili mwaka huu, na 1-0 katika Ngao ya Jamii, michuano ya kufungua msimu, tarehe 8 Agosti. Msimu uliopita tulimaliza nafasi ya tatu tukiwa na pointi 69 sawa na Azam, huku Yanga wakiwa na 80. Clatous Chama, tuliyemwimba kwa miaka, sasa anavaa kijani na njano ya Yanga. Kwa upande mwingine tuna kocha mpya, Fadlu Davids, tuna kikosi ambacho karibu nusu yake ni wageni, na tuna pointi 13 katika mechi tano za ligi. Je, mtu mkweli anaweza kusimama mbele ya watu na kusema kwamba Simba itashinda, akawa na kitu cha kushika mkononi? Na ninyi mnatabiri nini?

Mwalimu wa Isevya (Tabora)

Mdogo wangu, nimefurahi kuona swali limeulizwa kwa adabu, nami nitalijibu hivyohivyo ingawa mimi ni mwana Yanga tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni.

Ukitaka kujua timu itacheza vipi Jumamosi, tazama imecheza vipi wiki sita zilizopita. Yanga wamecheza mechi nne za ligi na kushinda zote: Kagera Sugar 2-0, KenGold 1-0, KMC 1-0 na Pamba Jiji 4-0. Hesabu hiyo ni mabao manane ya kufunga, na hakuna hata moja la kufungwa. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika waliwafunga Vital'O ya Burundi mabao kumi katika mechi mbili, kisha wakawafunga CBE ya Ethiopia moja kwao na sita huku kwetu. Djigui Diarra anapokuwa langoni, na mbele yake wakasimama Ibrahim Hamad 'Bacca' na Dickson Job, mshambuliaji hapewi nafasi ya pili. Mbele ya hao yupo Khalid Aucho, ambaye kwa maoni yangu ndiye mchezaji anayesifiwa kidogo kuliko anavyostahili katika nchi hii, kwa sababu kazi yake ni kuzima moto kabla haujaonekana.

Jambo la pili ni mazoea. Kocha wa Yanga, Miguel Gamondi, yuko katika msimu wake wa pili, na wachezaji wake wanajuana kiasi kwamba Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa msimu uliopita kwa mabao 21, hahitaji kuinua kichwa ili ajue Max Nzengeli na Pacome Zouzoua wako wapi. Simba bado wanatafutana. Nimeitazama mechi yao na Coastal Union ya tarehe 4 mwezi huu: waliongoza 2-0, kisha wakaruhusu mabao mawili na kutoka sare ya 2-2. Timu inayoachia uongozi wa mabao mawili dhidi ya Coastal itafanya nini Yanga watakapoanza kuukimbiza mpira kutoka kulia kwenda kushoto?

Utabiri wangu ni Yanga 2-0. Ninaomba pia, kwa kuwa ninafundisha vijana na ninayaona yanayotokea, kwamba utabiri wenu ubaki kuwa wa mdomoni na wa karatasini. Ada ya mtu isigeuzwe mkeka wa kubeti.

Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Mwanangu wa Tabora, umeuliza kama mtu mkweli anaweza kuitabiria Simba ushindi. Mimi nimefanya hivyo kwa miaka hamsini, na mara nyingi sana nimekosea, lakini sijawahi kusema nisichokiamini.

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, na ni watani hawahawa waliokutana. Wiki tatu kabla ya hapo Yanga walikuwa wametufunga 1-0 katika ligi pale Dar es Salaam, kwa bao la Zawadi Mauya, na kila mtu aliyeshuka kwenye basi alikuwa akisema kwamba Yanga wamekwisha kuipata dawa ya Simba. Nilikaa juani tangu asubuhi pamoja na wanangu wawili. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na hata hivyo Simba hawakupata bao mpaka ilipofika kama dakika ya 80, mpira wa kona ulipopigwa na Taddeo Lwanga akauzamisha kwa kichwa. Lwanga hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kukaba, na katika utabiri wote niliousikia pale mjini, kuanzia Mwanga hadi Kibirizi, hakuna aliyelitaja jina lake.

Mwaka 1974, fainali ya ligi kati ya watani ilipochezwa Uwanja wa Nyamagana pale Mwanza, nilikuwa kijana mdogo nikisikiliza redioni pamoja na wakubwa. Simba tuliongoza kwa bao la Adam Sabu tangu mapema, na watu walikwisha kuanza kutandika ngoma. Ilipofika dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akatufunga la pili. Manara hao asili yao ni huku kwetu Kigoma, basi unaweza kupima mwenyewe jinsi nyumba za Ujiji zilivyogawanyika usiku ule.

Ninachokiamini ni kwamba pambano hili huamuliwa mwishoni, wakati miguu imechoka na akili imechoka zaidi, na mara nyingi huamuliwa na mpira uliosimama: kona, faulo au penalti. Kwa sababu hiyo sitishwi na mabao kumi ya Vital'O. Simba hii mpya ina kipa, Moussa Camara, ambaye hababaiki, ina mabeki wawili warefu katikati, Che Malone na Abdulrazak Hamza, na ina Jean Charles Ahoua ambaye akipiga kona mpira unashuka pale anapoutaka. Utabiri wangu ni Simba 1-0, na bao litapatikana baada ya dakika ya 80.

Daftari la Gungu (Kigoma)

Shikamoo mzee wangu wa Ujiji. Nami nilikuwa uwanjani siku ile ya Lwanga, upande wa pili wa jukwaa na nikiwa na rangi nyingine, na ninakubaliana nawe kuhusu mambo mengi. Hata hivyo niruhusu nitofautiane nawe kuhusu dakika, kwa sababu nina tabia ya kuandika kila dabi katika daftari, na daftari linasema jambo jingine.

Nimehesabu kuanzia mechi ile ya Mauya ya tarehe 3 Julai 2021 hadi Ngao ya Jamii ya Agosti mwaka huu. Ligi, Kombe la Shirikisho na Ngao ya Jamii kwa pamoja zinatupa mechi 13. Yanga wameshinda saba, Simba wameshinda mbili, na nne zilimalizika kwa sare ndani ya dakika tisini, ikiwemo ile ya Ngao ya Jamii pale Tanga mwaka 2023 ambayo Simba waliichukua kwa penalti 3-1. Mabao yote ni 21: Yanga 14, Simba saba. Ukiondoa mabao sita ya siku ile ya 5-1, zinabaki mechi 12 zenye mabao 15 tu. Kati ya mechi 13, kumi na moja zilimalizika kwa sare au kwa tofauti ya bao moja. Zilizovuka hapo ni mbili: 5-1 ya Yanga, na 2-0 ya Simba ya tarehe 16 Aprili 2023, siku ambayo Henock Inonga alifunga kwa kichwa mashabiki wakiwa bado wanaingia na Kibu Denis akaongeza kwa shuti la mbali.

Sasa nije kwenye hoja yako, mzee. Katika mechi hizo 13, tano zilimalizika 1-0. Bao la Mauya, bao la Fiston Mayele katika Ngao ya Jamii ya Septemba 2021, bao la Feisal Salum katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Mwanza mwezi Mei 2022 na bao la Max Nzengeli mwezi Agosti mwaka huu yote yalifungwa kabla ya mapumziko. Ni la Lwanga peke yake lililochelewa. Kwa hiyo, kwa heshima zote, dakika ya 80 uliiona Kigoma na uliisikia kutoka Nyamagana, lakini miaka hii ya karibuni haikupi nguvu.

Daftari linanionyesha jambo jingine ambalo kwangu ndilo kubwa. Mechi kumi kati ya hizo 13 zilikuwa na bao. Yanga walitangulia kufunga katika sita, na walishinda zote sita. Simba walitangulia katika nne: wakashinda mbili, wakatoka sare moja, ile ya 1-1 ya Oktoba 2022 ambapo Augustine Okrah alifunga na Aziz Ki akasawazisha kwa faulo, na wakapoteza moja, ile ya Agosti 2022 ambapo Pape Sakho alitangulia na Mayele akafunga mawili. Maana yake ni kwamba Yanga wakiongoza wanajua kuufunga mlango, na Simba wakiongoza bado wanahitaji kuushikilia kwa mikono miwili. Sare ya Coastal aliyoitaja mwalimu ni ugonjwa uleule.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kanyenye, usimame Ijumaa na useme kwamba Simba wanaweza kushinda wakitangulia kufunga na wasiporudi nyuma baada ya hapo. Hiyo ni hoja ya kweli na hakuna wa Yanga atakayeizomea. Utabiri wangu mimi ni Yanga 1-0. Mabao mawili ya mwalimu ninayaona mengi.

Kocha wa Cheyo (Tabora)

Nimewasoma wote kwa makini. Ninafundisha vijana wa mtaani hapa Tabora, kwa hiyo nitasema kuhusu mambo ninayoyatazama uwanjani wakati wengine wanautazama mpira.

Mwalimu wa Isevya ametaja ushindi wa Yanga dhidi ya KenGold na KMC kama ushahidi wa nguvu. Mimi ninausoma kinyume. KenGold wamepanda daraja msimu huu, na KMC si timu ya kutisha, na wote wawili walifungwa bao moja moja tu, kwa sababu walikaa nyuma watu tisa na kuwanyima Aziz Ki na Pacome nafasi kati ya mstari wa viungo na mstari wa mabeki. Yanga wanapopewa nafasi hiyo wanakuwa kama maji yaliyopata mfereji. Wakinyimwa, wanaanza kupiga krosi nyingi, na krosi nyingi ni chakula cha Che Malone. Fadlu ameliona hilo, bila shaka, na ninaamini hatarudia kosa lililofanywa Novemba mwaka jana. Watu wengi wamesahau kwamba siku ile ubao ulisoma 1-1 wakati wa mapumziko. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu akasawazisha, na mabao manne ya mwisho yakaja yote kipindi cha pili, Simba walipopanda kutafuta ushindi na kuacha uwanja wazi mgongoni mwao. Kocha wa wakati ule, Robertinho, aliachwa siku mbili baadaye.

Simba ya sasa ni ngumu zaidi kuliko hiyo. Wameruhusu mabao mawili katika mechi tano za ligi, yote katika mechi moja. Waliifunga Azam 2-0 pale Zanzibar. Walikwenda Tripoli mwezi uliopita wakatoka 0-0 mbele ya Al Ahli, kisha wakarudi nyumbani na kushinda 3-1. Timu inayotoka Libya bila kufungwa ina nidhamu, na nidhamu ndiyo inayokosekana mara nyingi katika dabi. Sisi wa Tabora tuliionja Simba hii mapema: katika mechi yao ya kwanza ya ligi msimu huu waliifunga Tabora United mabao 3-0, na kilichoniumiza kuliko mabao yenyewe ni kwamba vijana wetu hawakupata hata nafasi ya kugeuka na mpira katikati ya uwanja.

Kuna suala la uchovu ambalo hakuna aliyeligusa. Taifa Stars walicheza na DR Congo jana Jumanne pale pale Mkapa na kufungwa 2-0, baada ya kufungwa 1-0 kule Kinshasa wiki iliyopita. Wachezaji kadhaa wa timu zote mbili walikuwa katika mechi hizo, na wengine wametoka katika timu za mataifa yao, wamepanda ndege juu ya ndege. Siku tatu hazitoshi kuirudisha miguu. Kwa hiyo ninategemea mechi ya taratibu, yenye faulo nyingi, ambayo makocha wote wawili watacheza kwa hofu ya kukosea. Hapo ninaungana kwa kiasi fulani na mzee: miguu ikichoka, mpira uliosimama unakuwa na thamani kubwa, na Yanga wana watu wawili, Aziz Ki na Chama, ambao faulo iliyo karibu na eneo la penalti kwao ni nusu bao. Ningekuwa Fadlu ningewaambia mabeki wangu neno moja: simameni, msilale.

Utabiri wangu ni 1-1.

Kijana wa Mwanga (Kigoma)

Ninawashukuru wakubwa kwa darasa hili. Mimi sina daftari wala sijafundisha timu, lakini ninaamini kwamba furaha ya Chama kucheza dhidi ya waliomuacha itakuwa na uzito wake. Yanga 3-1.

Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Daftari, mwanangu, umenirekebisha kwa adabu na nimekubali hesabu zako kuhusu miaka hii mitatu. Lakini pambano hili halikuanza Julai 2021. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba ikafuata mwaka 1936, na katika miaka yote hiyo kila kizazi kimedhani kwamba kimeipata kanuni yake. Tarehe 19 Julai 1977 tuliwafunga Yanga 6-0, na Abdallah Kibaden akafunga matatu peke yake. Baada ya siku ile wapo walioapa kwamba Yanga hawatanyanyuka tena. Tarehe 20 Oktoba 2013, karibu tarehe ileile ya mechi hii, Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, na Simba wakarudisha yote matatu kupitia Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze. Kwa kanuni yako ya aliyetangulia, siku hiyo ungewaambia watu wazime redio wakalale.

Sisemi kwamba hesabu hazina kazi. Ninasema kwamba mechi 13 ni kipande kidogo cha kitambaa kirefu, na mimi bado ninaona dakika ya 80.

Mwalimu wa Isevya (Tabora)

Mzee wangu, shikamoo. Mfano wa 2013 ni mzuri, ila wachezaji wa siku ile hawapo Jumamosi hii. Kijana wetu anakwenda kuzungumzia timu mbili zilizopo, na akianza kuwapeleka wenzake mwaka 1977 muda wake wa dakika kumi utamwishia njiani. Kuhusu KenGold na KMC, kocha amenipa jambo la kufikiria, na ninakubali kwamba Yanga hupata taabu wanapokutana na ukuta. Lakini je, Simba watakubali kuwa ukuta? Timu yenye mashabiki wa namna ile haiwezi kukaa nyuma kwa dakika tisini mbele ya watu elfu sitini bila kuzomewa na watu wake yenyewe. Ninabaki na 2-0.

Kocha wa Cheyo (Tabora)

Mwalimu, hapo umegonga penyewe, na sina jibu zuri. Kukaa nyuma kwa mkubwa ni kazi ngumu kuliko kukaa nyuma kwa KenGold. Nitaongeza tu kwamba Fadlu hahitaji kukaa nyuma kabisa. Anahitaji kuanza kukaba pale katikati, amzuie Aucho asigeuke, na kumwacha Bacca aanzishe mashambulizi kwa mipira mirefu. Akifanikiwa kwa saa moja ya kwanza, mechi itakuwa ya yeyote.

Mwanachuo wa Kanyenye (Tabora), Ijumaa 18 Oktoba, usiku

Ndugu zangu, nimetoka ukumbini sasa hivi na ninaona ni haki mjue jinsi mlivyonisaidia.

Nilisimama nikawaambia kwamba katika mechi 13 zilizopita Simba wameshinda mbili tu, na upande wetu ukaguna kwa sababu walidhani nimehamia Jangwani, kwa Yanga. Kisha nikaeleza kwamba 11 kati ya hizo zilikuwa za sare au za tofauti ya bao moja, kwamba ile ya 5-1 ilikuwa 1-1 wakati wa mapumziko, kwamba Simba ya sasa imetoka Tripoli bila kufungwa, na kwamba njia ya ushindi wetu ni kutangulia kufunga na kutorudi nyuma. Nilitabiri Simba 1-0. Sikutaja 1977, mzee wangu unisamehe, lakini nilitaja Lwanga na uwanja wa Kigoma, na ukumbi mzima ulitulia kwa sababu wengi wetu tulikuwa sekondari wakati ule na tunakumbuka tulikuwa wapi.

Msemaji wa Yanga alizungumzia mabao manane bila kufungwa na mazoea ya kikosi, karibu neno kwa neno kama mwalimu wa Isevya, nikashuku kwamba naye anasoma hapa. Alitabiri 2-0. Baada ya hapo kila mtu aliandika utabiri wake katika karatasi, tukazikusanya katika boksi la viatu na kulifunga kwa gundi. Hakuna hela humo, mwalimu.

Mwanachuo wa Kanyenye (Tabora), Jumapili 20 Oktoba

Mmekwisha kuona. Yanga 1-0, dakika ya 86, na beki wetu wa kulia Kelvin Kijili ndiye aliyejifunga.

Mpaka dakika ile nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sare ya kocha imetimia, kwa sababu Simba tulicheza kwa nidhamu aliyoisema na sikuona Yanga wakitutawala kama mwezi Novemba. Bao lilipoingia, ukumbi ulilipuka upande mmoja, nasi upande wa pili tukakaa kimya kwa muda mrefu. Kijana mmoja alianza kumtukana Kijili kwa jina, na msemaji wa Yanga, aliyekuwa akishangilia mita mbili kutoka kwake, ndiye aliyemwambia aache, kwamba mchezaji yule alikuwa akijaribu kuokoa. Nilimshukuru baadaye nje ya ukumbi, tukanywa chai pamoja.

Tulipofungua boksi tulikuta karatasi tisa zilizoandikwa Yanga 1-0. Hapa kwetu mtandaoni aliyepatia ni ndugu wa Daftari peke yake, nami ninampa mkono.

Daftari la Gungu (Kigoma)

Ninashukuru, lakini nisipewe sifa nisizostahili. Nilipatia timu na nikapatia matokeo, ila nilimbishia mzee kuhusu dakika, nikasema mbele za watu kwamba dakika ya 80 haina nguvu miaka hii. Bao limefungwa dakika ya 86. Mzee wangu, ninakuomba radhi kwa hilo.

Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Radhi unayo, mwanangu. Nimeumia tangu jana na chakula hakijashuka vizuri, lakini bado ninakudai jambo moja: fungua daftari lako uandike mechi ya 14, na ile dakika ya 86 uiandike kwa wino mwekundu. Yakifika marudiano nitakuja mapema na utabiri wangu, na nitasema tena Simba.